Huduma Zake Hazihitajiki Tena

Karatasi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na sentensi inayomuumiza baba mkubwa haizidi nusu mstari. Nikiigeuza kwa Kiswahili inasema: huduma zake hazihitajiki tena. Hakuna kosa lililotajwa, wala siku ya kosa, wala shahidi, wala adhabu. Juu kuna namba yake ya jeshi, urefu wake kwa futi na inchi, alama ya kovu juu ya jicho, na mwaka aliojiandikisha, 1961. Chini kuna sahihi ya mtu ambaye baba mkubwa anasema hajawahi kumwona.

Kwa miaka sitini karatasi hiyo imekaa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku la bati. Halafu akanipa nimwandikie rufaa. Ndivyo alivyosema, "rufaa", ingawa hukumu hakuna. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Songea, na kwenye ukoo wetu mwalimu wa Kiswahili ndiye karani wa wote: barua ya kazi, barua ya posa, maneno ya kadi ya mchango wa harusi, na kubwa kuliko yote, wasifu wa marehemu. Mtu akifa, kabla jeneza halijatoka nyumbani, mimi ndiye nakaa pembeni na wajomba na mashangazi kuuliza alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi. Kwa hiyo nilielewa kwamba ombi la rufaa lina ombi jingine nyuma yake. Baba mkubwa alitaka kujua, akiwa bado anasikia, mwaka 1964 nitausomaje mbele ya watu.

Nieleze kidogo, maana mwezi ule shuleni hupitwa haraka. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilirithi jeshi la mkoloni, King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Vikosi viwili vikapewa jina jipya, Tanganyika Rifles: cha kwanza kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, cha pili Tabora. Jina likabadilika, wakubwa wakabaki walewale Waingereza, chini ya Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wa kawaida alipokea shilingi 105 kwa mwezi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, siku chache tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, askari wa Colito waliwakamata maofisa wao na kuingia mjini. Walitaka shilingi 260, na walitaka maofisa Waafrika. Maduka yakaporwa, watu wakafa. Kesho yake Tabora nayo ikafuata. Tarehe 25, kwa ombi la Serikali yenyewe, makomando wa Kiingereza walishuka Colito kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na asubuhi hiyohiyo mambo yakawa yamekwisha. Jeshi likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Colito leo ni Lugalo.

Watu wa Songea tuna mkono wetu katika habari hii kila upande, na sijui kwa nini hatuisimulii. Makamu wa Rais aliyefichwa pamoja na Mwalimu siku zile ni Rashidi Kawawa, Mngoni wa huku kwetu. Waziri aliyekuwa na mambo ya nje na ulinzi, aliyetoka kwenda kuzungumza na askari wenye bunduki, ni Oscar Kambona, mtoto wa Kwambe ufukweni mwa Ziwa Nyasa, enzi hizo ikiwa bado wilaya ya Songea. Na Tabora, getini, alikuwepo kijana wa miaka ishirini na moja ambaye hakuna kitabu kinachomtaja.

Nilipoanza kuandika nilimuuliza swali ambalo karani yeyote angeuliza. "Baba mkubwa, ulikuwa wapi siku ile?" Nilishajiandalia jibu kichwani: alikuwa likizo, alikuwa hospitali na malaria, alikuwa amelala. Barua ingejiandika yenyewe.

"Nilikuwemo," akasema.

"Ulifanya nini?"

"Koplo aliniambia nisimame getini na bunduki. Nikasimama."

"Ungekataa?"

"Mwanangu, miaka miwili na ushee nilikuwa nafundishwa kutokukataa."

Hakumpiga mtu, anasema, na wala hakumwokoa mtu. Siku chache baadaye Waingereza wakafika Tabora pia, bunduki zikakusanywa, watu wakahesabiwa. Halafu treni, halafu malori, Iringa, Njombe, mpaka Songea, na maelekezo ya kwenda kuripoti kwa mkuu wa wilaya ili ijulikane umefika kwenu na umekaa. Wachache waliopelekwa mahakama ya kijeshi walifungwa. Sajenti Hingo Ilogi, aliyehesabiwa kuwa kinara, alipata miaka 15. Baba mkubwa ana jambo moja la ajabu analosema juu ya wale, na mwanzoni nilidhani ni maneno ya uzee. Anasema anawaonea wivu. Walisomewa mashtaka, wakaulizwa. "Mimi sikuulizwa chochote. Ningeulizwa, ningesema nilisimama getini. Wangenipa miezi sita ya getini, nikaitumikia, nikamaliza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haombi kusafishwa. Tunayo methali inayomwozesha samaki mmoja na kuwamaliza wote kapuni, na naona ilitungwa na mnunuzi, si na samaki. Jeshi zima lilitupwa kama kapu. Sitaki kusema Serikali ilikosea kulivunja. Nchi ina miaka miwili, rais amefichwa, jeshi lake limemgeuka, na analazimika kumwomba mkoloni wa juzi arudi na bunduki. Mwalimu hakuficha kwamba ilikuwa fedheha. Angefanya nini tena, akae amchague mmoja mmoja? Mwezi huohuo Uganda, askari wa Jinja walimshikilia waziri wao mpaka akakubali kuwaongezea mishahara, na wengi wakabaki jeshini na mishahara mipya. Tunajua Uganda ilikuja kuvuna nini kwa askari waliojifunza kwamba bunduki inajibiwa haraka. Nikilinganisha, naona Tanganyika ilichagua vizuri. Lakini nchi inaweza kuchagua vizuri na bado kijana wa getini akabaki na karatasi isiyosema alifanya nini.

Basi, barua iende kwa nani? Hili lilitusumbua wiki tatu. Jeshi lililomwacha halipo. Sheria ya Ulinzi wa Taifa ni ya 1966, imetungwa kwa ajili ya jeshi lililozaliwa baada yake. Ukisema "rufaa" unaulizwa: dhidi ya uamuzi upi, wa kikao kipi, wa tarehe ngapi?

Marekani wana mlango wa kugonga. Tangu sheria ya 1944 ya askari waliotoka vita vya pili vya dunia, kuna bodi ambazo kazi yake ni kupokea maombi ya watu walioachwa jeshini kwa sifa mbaya na kuangalia kama sifa hiyo ibadilishwe. Una miaka 15 ya kuomba. Ikipita, kuna bodi nyingine ya kusahihisha kumbukumbu. Mlango kuwepo haina maana unafunguliwa, maana wengi hurudi mikono mitupu. Ila nilimsimulia baba mkubwa kisa kimoja cha huko, akakaa kimya muda mrefu.

Agosti 1906, katika mji wa Brownsville, Texas, risasi zilipigwa usiku, mhudumu mmoja wa baa akafa. Wenyeji wakasema ni askari weusi wa kambi ya jirani. Askari wakakana, na kila mmoja akasema hamjui aliyefanya. Rais Theodore Roosevelt akalichukua lile "simjui" kuwa ndilo kosa lenyewe, na Novemba akawafukuza wote 167, bila heshima, bila kesi. Wengine walikuwa wamekaribia kustaafu. Hakuna bodi iliyowasaidia. Mwaka 1970 mwandishi mmoja, John D. Weaver, alichapisha kitabu juu ya usiku ule, akionyesha kwamba ushahidi haukusimama. Mbunge Augustus Hawkins akakishika kile kitabu na kwenda nacho bungeni. Mwaka 1972 jeshi likabadilisha neno: wote wameachwa kwa heshima. Kwa wengi heshima hiyo iliwakuta makaburini. Wawili tu walijulikana kuwa hai, mmoja wao Dorsie Willis wa Minneapolis, mzee wa miaka themanini na ushee, ambaye miongo kwa miongo alikuwa akiwang'arishia watu viatu kwenye kinyozi. Serikali ikampa dola 25,000.

"Kitabu," akasema baba mkubwa mwishowe. "Kwa hiyo kilichowasaidia ni kitabu."

Nikamwambia na sisi tunavyo. Jeshi lenyewe lilitoa kitabu juu ya maasi ya Januari 1964, kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1993, na mwanahistoria Timothy Parsons akaandika chake mwaka 2003 juu ya maasi ya nchi zote tatu, Tanganyika, Uganda na Kenya. Vyote viwili ni vya Kiingereza. Akauliza kama yumo. Nikamwambia wamo, lakini kwa wingi: "askari", "vikosi", "waasi". Kiswahili kina hila hiyo kwenye ngeli ya kwanza. Ukishaingia kwenye wa- hutoki tena ukiwa mtu mmoja.

Lakini pia kulikuwa na kipimo cha haki ambacho sikutaka kukiruka, nikamwambia waziwazi: watu wa Brownsville walikana, na ushahidi ukawa upande wao, wewe hukani. Akajibu hakunisimulishia Brownsville yeye, nimejisimulia mwenyewe.

Tulivutana zaidi kwenye maneno. Barua ya kiserikali ina vazi lake, na vazi hilo nalijua: anwani mbili, tarehe, "YAH:" kwa herufi kubwa, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kana kwamba msomaji angeweza kuhusika na kichwa kingine. Mimi niliandika OMBI LA KUREKEBISHIWA KUMBUKUMBU ZA UTUMISHI JESHINI. Hakulitaka. Hakuna kumbukumbu iliyokosewa, alisema. Ni kweli hawakumhitaji tena. Nikajaribu kusema alikuwa kijana mdogo aliyefuata mkumbo. Akanifutisha. "Mkumbo" ni wa ng'ombe. Nikamwekea "niliachishwa". Akauliza tofauti yake na "nilifukuzwa", nikamwambia mtoto anaachishwa ziwa, mwizi anafukuzwa, mtumishi wa umma anastaafishwa kwa manufaa ya umma, na mke anaachwa. Akacheka mpaka akakohoa. "Weka niliachwa," akasema. "Mke aliyeachwa anaweza kurudiwa."

Na alirudiwa, hilo ndilo ambalo karatasi haijui. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka na kuikalia ardhi ya Kagera. Jeshi la Wananchi peke yake halikutosha, nchi ikaita mgambo kutoka kila mkoa. Baba mkubwa alikuwa na miaka thelathini na sita, mke, watoto wanne na shamba la mahindi na tumbaku. Walipouliza nani anajua kutumia silaha, akanyoosha mkono. Hakuna aliyeuliza aliijulia wapi. Aliwafundisha vijana kulenga, wakapanda magari, akafika mbali ndani ya Uganda, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa hai. Alirudi Songea na goti bovu na blanketi la jeshi, bila karatasi yoyote. Kwa hiyo katika sanduku la bati mwaka aliosimama getini upo, na mwaka aliokwenda vitani haupo. Niliandika aya ndefu juu ya Kagera, nikaona ndiyo moyo wa barua. Akaipunguza ikawa mistari miwili. Eti asionekane anapiga bei.

Kuna siku nilimpeleka Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, kwa kuwa alitaka kupumzika kivulini na si kwa sababu nyingine. Songea ina makaburi yale katikati ya mji na tumeyazoea kama vile ni uwanja wa mpira. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo mashujaa wa Kingoni na kuwazika katika kaburi moja; Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alinyongwa siku zake na ana kaburi lake. Kila Februari tunakwenda na ngoma na viongozi. Baba mkubwa akasoma majina taratibu kwa kidole.

"Hawa nao waliitwa waasi," akasema.

Nikamjibu kwamba hawa walimkataa mgeni. "Ninyi bunduki mlimwelekezea Nyerere."

"Tuliwaelekezea maofisa wa Kiingereza."

"Na Ikulu je?"

"Ikulu ni Dar. Mimi nilikuwa Tabora."

Huo ndio ulikuwa ukali wetu wa mwisho. Sikukubaliana naye na bado sikubaliani. Majina ya Mahenge hayakubadilishwa kutoka uasi kwenda ushujaa kwa barua ya mtu, yalibadilishwa na uhuru wenyewe, kwa sababu nchi mpya iliwahitaji wafu wale. Askari wa 1964 nchi haikuwahitaji, ilihitaji wasahaulike ili Jeshi la Wananchi lianze na ukurasa safi. Na lilianza vizuri. Mipaka ya kusini hapa Ruvuma ililindwa na jeshi hilo miaka yote ya vita vya Msumbiji, na baba mkubwa aliwapungia mkono kwenye malori yao kama sote.

Jambo lililomtia nguvu ya kuipeleka barua lilikuja tarehe 1 Novemba 2023. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaenda makumbusho yaleyale, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Mji ulijaa magari meusi. Sisi tuliangalia kwenye televisheni ya jirani. Wengine pale sebuleni walikuwa wanauliza kama fidia ipo na fuvu la Nduna litarudi lini, na ni maswali ya haki. Baba mkubwa alikuwa anahesabu kwa vidole. "Mia na kumi na saba," akasema. "Ya kwangu haijafika hata sitini."

Nikaipeleka kesho yake kutoa kopi, na wiki iliyofuata nikaiwasilisha ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Akaisoma yote, jambo ambalo si dogo, akainua macho: "Samahani mwalimu, Tanganyika Rifles ndiyo nini? Kampuni ya ulinzi?" Nikamweleza. Akagonga mhuri wa KUPOKELEWA. Baada ya miezi saba likaja jibu la aya moja kwamba jalada la mhusika halikupatikana, na kama ana vielelezo vya ziada awasilishe. Nilidhani atavunjika moyo. Aliomba nimsomee mara mbili, kisha akauliza kama wameandika jina lake. Nikamwonyesha: limeandikwa kamili, majina matatu, herufi zote sawasawa, na mbele yake "Ndugu". Akaiweka ndani ya bahasha ya kaki pamoja na ile nyingine.

Mwezi uliopita akaniambia nilete wasifu wake niliouandika. Sikuwa nimeuandika, lakini ilikuwa amri, nikaandika usiku huo na kumsomea asubuhi barazani. Kuzaliwa, ubatizo Peramiho, shule ya misheni, yote akapitisha. Kwenye jeshi nilikuwa nimeweka: "Alilitumikia Taifa katika Tanganyika Rifles tangu 1961 hadi 1964." Ndivyo tunavyofanya, wasifu wa marehemu haupeleki mtu jela. Shangazi aliyekuwa anachambua maharage akasema hapo pametosha, pazuri, songa mbele.

Baba mkubwa akakataa. Akaniamuru niandike, naye akitaja neno kwa neno kama anasoma gwaride: "Mwaka 1961 alijiunga na jeshi. Januari 1964, Tabora, alisimama getini na bunduki kwa amri ya koplo wake. Aliachwa pamoja na wenzake wote. Mwaka 1978 aliitwa tena, akaenda."

Shangazi akauliza kama padri atakubali hayo yasomwe kanisani. Baba mkubwa akasema basi yasomwe nyumbani, kabla ya jeneza kutoka, na kama nyumbani hawataki yasomwe makaburini, na mimi nisimame karibu na kipaza sauti kwa kuwa sauti yangu ni ndogo.